Ruhusa Kutoka Plymouth

Baba mdogo hakuvaa sare ya jeshi hata siku moja maishani mwake. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, mwenye koti moja la kahawia na chaki mfukoni. Vita vilipopanda milimani kwetu, mashariki ya Kongo, na wenye sare wakawa wa kwanza kukimbia, watu walimjia yeye wakamwomba apange ulinzi wa kijiji. Mwenyewe alidai walimchagua kwa kuwa alijua hesabu. Mimi nasema walimchagua kwa kuwa karibu kila mwanamume pale alikuwa amepita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kuacha kumwogopa.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Ndiye aliyenilea, na baada ya miaka mingi ya kambi na foleni tulijikuta pamoja katika mji wa Crystal, Minnesota, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la matairi: yeye, mimi na binti zangu wawili. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Alfajiri yeye alikwenda Plymouth, kwenye kiwanda cha kufunga mirija ya hospitali. Mchana mimi nilikwenda Champlin kulea wazee wa watu. Na katikati ya huko kwenda na kurudi, baba mdogo aliendelea kuongoza vita.

Sitanii. Juu ya meza yetu ya jikoni, chini ya kitambaa cha plastiki, kulikuwa na ramani. Aliichora nyuma ya kalenda tuliyopewa na daktari wa meno: mto, daraja la magogo, shule, kilima cha mikaratusi, njia ya sokoni. Kila Jumamosi asubuhi aliinua kitambaa akapanga maharagwe makavu, mekundu ndio wetu, meupe ndio wale. Sitawataja wale kwa jina. Walikuwa majirani zetu wa zamani, na bila shaka nao walikuwa na mwalimu wao mahali fulani, pengine Ohio, aliyekuwa akipanga maharagwe yake kwa rangi za kinyume.

Kisha simu ingelia. Upande wa pili alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye zamani aliketi dawati la mbele katika darasa la baba mdogo na sasa ndiye aliyekuwa kilimani na walinzi kumi na mmoja. Wanaume wa kanisa letu walikuja kusikiliza, wakanywa chai yangu, wakabishana kama wako kilimani wao. Mmoja, fundi wa magari, alipenda sana kushauri mashambulizi. Nilimwambia siku moja kwamba yeye hata gari langu aliliondolea breki akashindwa kuzirudisha. Walicheka wote isipokuwa baba mdogo.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," nilimwambia walipoondoka. Nilikuwa nimekasirika, maana sukari ilikuwa imekwisha.

"Najua haiui," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho 'wale' ni 'bale' na 'ndio' ni 'njo'. "Lakini bale bako na nyoka ndani ya nyumba njo banaomba niishike."

Na hilo lilikuwa kweli. Alikwisha kujaribu kuwaachia. Mara mbili nilimsikia akimwambia shemeji: sasa wewe ndiye mkubwa huko, amua. Shemeji akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Jumamosi iliyofuata akapiga tena kuomba ruhusa.

Sababu ya haya yote ilikuwa sheria moja, na chanzo cha sheria hiyo mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tumejificha shuleni, wanawake na watoto, na baba mdogo yuko kilimani na watu wake. Mtu mmoja tuliyemfahamu akaja mbio akasema, "Mwalimu anasema mshuke mtoni." Mwalimu hakusema. Wale ndio waliomtuma, nao walikuwa wakitungoja kwenye matete. Mama yangu alikuwa mbele, kama kawaida yake. Dada alinishika shingo kwa nyuma akanigandamiza kwenye tope, akanishikilia hivyo mpaka jua likazama. Tulipoinuka, mama hatukuwa naye tena.

Tangu hapo baba mdogo alitunga sheria, akaifundisha kama alivyofundisha hesabu za kuzidisha, kwa kuirudia mpaka watu waiote: hakuna anayehama, awe mlinzi au mama mwenye mtoto mgongoni, mpaka asikie ruhusa kwa kinywa cha Mwalimu mwenyewe. Si kwa barua, si kwa mjumbe, si kwa ndugu wa Mwalimu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ilikuwa sheria nzuri, iliokoa watu mara tatu ninazozijua. Tatizo ni kwamba mwenye kinywa alihamia Minnesota, na hakuna aliyeifuta.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, binti zangu wamekwenda shule, nami nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kazi. Saa tatu asubuhi simu yangu ikalia. Shemeji hakuwa na desturi ya kunipigia mimi, tena katikati ya juma. Nikaiacha pasi ikiwa imesimama.

"Shemeji, Mwalimu iko wapi? Ninapiga simu yake, haitike."

"Iko ku kazi. Simu yake iko ndani ya kabati, habaruhusu kuingia nayo."

"Bale banafika ku soko. Ni bengi, habajakuja bengi hivi. Batu bote bako ndani ya shule. Tubavukishe mto sasa, ao tubakie nabo hapa? Nipatie Mwalimu."

Kwetu Kongo ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kutoka shuleni hadi darajani ni mwendo wa saa nzima ukiwa na watoto, na giza huingia mapema milimani. Sikuhitaji ramani wala maharagwe kuona jibu. Nikadanganya.

"Mwalimu alisema muvuke."

"Alisema kwa kinywa yake?"

"Aliniambia miye."

"Sawa," akasema, bila ukali wowote. "Basi ninangoja aniambie na miye."

Nikamwomba anipe dada. Nilimsikia akimkabidhi simu, nikasikia na watoto nyuma yake, wengi, wale wa shule nzima. "Dada," nikamwambia, "chukua batoto yako uende. Usingoje mutu. Ni miye ninakuambia."

"Mudogo yangu," akasema, "hata ile siku balisema ni Mwalimu njo alisema."

Mkono wake ndio uliokuwa shingoni mwangu siku ile. Nikamwambia wangoje, namleta Mwalimu. Nikatoka na viatu vya ndani, nikakumbuka nikiwa garini kwamba pasi sikuizima, nikarudi nikaizima. Hadi leo najihesabia dakika niliyoipoteza kwa pasi.

Kutoka Crystal hadi Plymouth si mbali, robo saa siku njema. Siku ile nilikaa nyuma ya gari la kuondoa theluji lililokwenda kama lina ng'ombe mbele yake, na hakuna anayelipita gari lile. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Nilimtukana dereva, nikamtukana baba mdogo na sheria yake, nikamwomba Mungu anisamehe, nikaanza upya.

Kwenye mapokezi ya kiwanda kulikuwa na msichana wa Kizungu mwenye tabasamu. Nilimwambia ni dharura ya familia. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amefariki, kwa sababu kulikuwa na fomu ya hiyo. Nikamjibu kwamba bado. Hakujua la kuandika, akamwita msimamizi. Namshukuru Mungu kwa Wakenya: msimamizi alikuwa mmoja wao, mwanamume mnene mwenye funguo shingoni.

"Dada, pole sana," akasema nilipomweleza kwa kifupi. "Lakini simu haziingii kwa floor, hiyo ni policy. Ni clean room. Na huyu mzee already ako na points nne za kuchelewa. Ya tano ni kuachishwa."

"Nitolee yeye nje basi."

Akatazama saa. "Break inaanza saa hii. Nitamwambia a-degown haraka. Ako na dakika kumi, madam, si eleven. Line ina-start nine-forty, na wakianza siwezi mtoa tena mpaka lunch."

Baba mdogo alitoka akiwa bado na kofia ya wavu kichwani na wavu mwingine wa ndevu kidevuni. Alionekana mdogo. Kuvua joho jeupe la chumba kile kisicho na vumbi kulikuwa kumekula dakika nne. Nilikuwa nimekwisha kumpata shemeji kwenye simu, nikamwekea baba mdogo sikioni kabla hata sijamwamkia.

Nilidhani atasema neno moja. Badala yake akaanza kuuliza maswali. Wale wako wangapi, na wamefika soko lote au upande wa chumvi tu? Mto umejaa? Daraja limebadilishwa magogo? Wagonjwa ni wangapi, nani atawabeba? Hakuwa na ramani yake, kwa hiyo akachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo cha mlango: mto, daraja, kilima. Alikuwa akiuliza kwa sauti ileile ya darasani, taratibu, akiweka nukta hapa na pale. Nami nimesimama na viatu vyangu vya ndani vimelowa, naitazama saa ya ukutani.

Leo najua alichokuwa akifanya. Alikuwa akifanya kazi yake. Watu wakitumwa mtoni kwa jina la mtu mara moja, hata kama si yeye aliyewatuma, hatawatuma mara ya pili bila kuuliza maji yako wapi. Lakini wakati ule nilimwona mzee anayependa sauti yake, nikashindwa kuvumilia.

"Baba mudogo, sema tu bavuke!"

Alinitazama. Akageukia kioo. "Ni miye Mwalimu," akasema ndani ya simu. "Batu bote bavuke sasa, banamuke na batoto mbele, bagonjwa katikati. Balinzi babakie ku kilima mpaka batu bapite. Ninasema kwa kinywa yangu."

Nilisikia shemeji akijibu, "Ndiyo, Mwalimu," na hapo hapo akakata. Ndivyo alivyokuwa. Amri akishaipata hakai kuichezea, huenda kuitimiza. Mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Ngoja," baba mdogo akasema, akibonyeza simu tena. "Sijamaliza naye."

Msimamizi alikuwa amefungua mlango wa ndani na kuushikilia kwa kiatu. Alikuwa akitazama saa, ikiwa imebaki dakika tatu, na kuvaa joho lile pia ni dakika nne. Nikaziona zile pointi tano. Nikamwona baba mdogo amekaa nyumbani, miaka sitini na moja, na mimi nikitafuta kiwanda kingine kitakachomchukua.

"Nipatie dakika moja," akasema.

Nikaichukua simu kutoka mkononi mwake. Sikuinyang'anya kwa nguvu, wala hakuishikilia. Kwetu mtoto hachukui kitu mkononi mwa mzazi wake hivyo, na nadhani ni mshangao tu uliomfanya aiachie. "Utamumalizia saa ya chakula," nikamwambia. "Batu banavuka. Njo kitu tulikuwa tunataka."

Akarudi ndani. Mlango ukajifunga.

Nilikaa garini kuwasha joto la miguu, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Akilini nilimwona dada njiani, watoto wamefungwa kwa kitenge mmoja kwa mwingine, kama alivyopenda kufanya. Nilikuwa nimeshinda. Kama nusu saa hivi ilipita, nikiwa bado sijathubutu kuondoka, simu ikalia.

"Mwalimu?"

"Ni miye. Amerudi ndani."

"Ah." Shemeji alikuwa anahema, na nyuma yake kulikuwa kimya sana. "Umwambie batu bote bako ku njia. Bamepita shamba ya mision, mbele yao tayari banaona daraja. Sisi tuko ku kilima. Sasa tunangoja ya kwetu."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Aliwaambia walinzi wabaki mpaka watu wapite. Hakuwaambia washuke. Hiyo ndiyo dakika aliyoniomba.

"Mushuke," nikamwambia. "Batu bamepita. Mushuke sasa hivi, mubafuate."

"Shemeji," akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu, "weye si Mwalimu."

"Ninakuomba. Weye unajua njo kitu angesema. Unajua!"

"Ninajua," akasema. "Lakini ile siku pia tulikuwa tunajua. Mwambie tunangoja. Tutangoja."

Nilikimbia ndani. Msimamizi alikuwa amekwenda kwenye mkutano jengo la pili. Msichana wa tabasamu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa huzuni ya kweli, akaniambia hana ufunguo wa mlango ule na haruhusiwi kuufungua hata angekuwa nao, lakini atamwandikia mjomba wangu ujumbe. Hakujua tofauti ya mjomba na baba mdogo, nami sikuwa na nguvu ya kumfundisha. Aliandika kwenye karatasi ya njano: mpigie mpwa wako. Akampa mtu, mtu yule akaibandika kwenye kabati la baba mdogo, juu ya simu yake iliyofungiwa ndani. Niligonga kioo cha mlango wa ndani kwa kiganja mpaka mlinzi wa kiwanda akaja akasimama karibu nami bila kunigusa. Kwenye kioo cha mlango wa nje, mto aliouchora baba mdogo ulikuwa bado upo, ukichuruzika kuelekea chini, na kilima kilikuwa kimeshafutika.

Nikampigia shemeji tena kumwambia angoje kidogo, kisha nikapiga kumwambia asingoje. Simu iliita, haikupokelewa. Mara ya nne haikuita. Saa tano na nusu baba mdogo alitoka na ile karatasi ya njano mkononi, na simu yangu ilikuwa tayari sikioni, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Aliichukua akaisikiliza mwenyewe. Akaisikiliza mara nyingi. Chakula chake hakukila, na kengele ilipolia alirudi kazini, nami nikaenda Champlin nikawalisha wazee wa watu chakula cha jioni.

Siku ya nne dada alipiga kwa simu ya kuazima, kutoka upande wa pili wa mpaka. Wote walivuka. Watoto wote, wagonjwa wote, hata bibi mmoja kipofu tuliyemjua. Milio ya bunduki kutoka kilimani waliisikia usiku kucha, wakashukuru, kwa sababu mradi inasikika, njia iko salama. Asubuhi ilinyamaza. Hakuna mlinzi aliyeshuka.

"Mwalimu alibapatia ruhusa?" akauliza.

Nilimwambia hapana, na nikamwambia sababu. Nilimwambia mimi ndiye niliyechukua simu. Akasema simu si yake, mwenyewe anaitaka.

Wanawake wa kanisa walikuja kwetu Crystal kukaa kilio, na mikeka yao na sufuria zao. Dada alipopata habari alikataa. Alisema mtu ambaye hakupewa ruhusa yuko bado kazini, na mtu aliye kazini haliliwi. Wanawake wakakunja mikeka. Wiki zikapita hivyo, dada hajavaa cheusi, hajanyoa nywele, na kila akipiga alizungumzia mvua na unga. Baba mdogo hakuwahi kunilaumu. Alitufundisha darasani kwamba haraka haraka haina baraka, tukaiandika mara hamsini, na hakunikumbusha hata mara moja. Ningependa angenikumbusha. Ningependa angenipiga.

Jumamosi moja dada alipiga akataka simu iwekwe mezani wote wasikie. Wanaume wa kanisa walikuwepo, hata fundi wa magari, na hakuna aliyegusa chai. Kitambaa cha plastiki kilikuwa kimetandikwa, hakuna aliyekiinua tangu Jumatano ile.

"Mwalimu," dada akasema, "banamuke bale bengine kumi na mumoja bako hapa pembeni yangu. Tunachoka. Tunakuomba ubape ruhusa."

Baba mdogo alisimama. Alivua kofia yake, akafunga kifungo cha juu cha koti, akaweka mikono nyuma kama alivyosimama mbele ya ubao. Mimi nilikuwa karibu na jiko, nikashindwa kumtazama, nikatazama saa ya jiko. Ilikuwa saa nne na dakika saba.

"Ni miye Mwalimu," akasema. "Batu bote balivuka. Kazi yenu imeisha, muliifanya muzuri. Sasa mushuke, mumoja mumoja, murudi kwenu. Ninasema kwa kinywa yangu."

Upande wa pili dada alianza kulia, kisha wengine wote pamoja naye, na fundi wa magari akaficha uso wake. Baba mdogo akaketi. Mimi nilikuwa bado natazama saa ya jiko. Ilikuwa bado saa nne na dakika saba: dakika moja ilikuwa haijaisha.